Robo Tatu Iliyosomeka Thelathini na Nne

Tanga, 6 Machi 2016

Kwa Shangazi Tabia,

Shikamoo Shangazi. Mimi ni Nusaiba, binti wa mdogo wako Yasini. Uliponiona mara ya mwisho nilikuwa na miaka sita na meno mawili ya mbele hayapo. Sasa yapo yote, na ninafundisha kompyuta katika shule ileile ya sekondari aliyofundisha Baba. Nyumbani wote wazima. Mama anakusalimu, bila kumwambia mtu kwamba anakusalimu. Anwani yako nimeipata nyuma ya bahasha ya Idi unayomtumia Baba kila mwaka. Barua hii anakuletea Bi Kidawa, yule jirani anayekuja huko kununua mablanketi.

Nimesikia kwamba unatengeneza kurasa za mtandao, ndiyo maana nakuandikia wewe na si mwingine.

Baba alistaafu mwaka jana. Kwa miaka kumi aliandika masomo yake yote ya hesabu katika kurasa, nazo zimo kwenye seva ya shule, kurasa mia nne na kumi na mbili. Alipokuwa darasani aliandika sehemu, nusu na robo, kwa chaki ubaoni na hakuna aliyetazama sana kurasa. Sasa hayupo, wanafunzi wanazisoma wenyewe, na robo tatu inaonekana thelathini na nne. Nusu inaonekana kumi na mbili. Mwalimu mpya amesema mbele ya watu kwamba Mwalimu Yasini alikuwa akifundisha makosa. Mkuu wa shule amesema kompyuta mpya zikifika Januari, kurasa hizo hazitahamishwa.

Baba tangu siku hiyo yuko ndani. Ameacha kwenda kunywa kahawa barazani.

Nimejaribu kila ninachojua. Nisaidie Shangazi.

Nusaiba


Berea, Johannesburg, 10 Aprili 2016

Mwanangu Nusaiba,

Marahaba, na marahaba tena kwa miaka yote ambayo hatukusalimiana. Mwambie mama yako kwamba salamu zake nimezipokea, bila kumwambia mtu. Mimi mzima. Lifti ya jengo letu imekufa na ninaishi ghorofa ya saba, kwa hiyo magoti yangu ndiyo yenye malalamiko. Ninaishi na Jeannine, Mkongomani msusi, na binti yake Victoire, ambaye nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno na kunijibu Kiingereza.

Bi Kidawa amepanda ngazi za ghorofa zote saba na barua yako mkononi. Nimeisoma nimesimama. Robo tatu inaonekana thelathini na nne! Mwanangu, mtu akikuletea kosa namna hiyo amekuletea zawadi, kwa sababu kosa hilo linasema lenyewe lilipotoka. Sikiliza.

Seva inapomtumia msomaji ukurasa, haiutumi mtupu. Inautia ndani ya bahasha, na juu ya bahasha inaandika lebo: ndani mna kitu cha aina hii. Kivinjari husoma lebo kwanza, na huiamini kuliko yaliyomo ndani. Seva yenu, nina hakika, inaandika lebo moja tu kwa kurasa zote, yaani text/html. Mimi naiita lebo ya upole. Kivinjari kikiiona, kinasoma kama mama anayesoma barua ya mtoto wa darasa la kwanza. Penye kosa kinakisia, alama kisizozijua kinazitupa, na kinasonga mbele.

Sasa, aliyeandika kurasa hizo hakuandika kurasa za kawaida. Ndani yake ametia alama za hesabu za ukoo mwingine, na nadhani kila moja inaanza na herufi m na nukta mbili. Mle ndani imeandikwa vizuri kabisa: hii ni sehemu, juu tatu, chini nne. Lakini chini ya lebo ya upole kivinjari hakiutambui ukoo huo. Kinazitupa alama, zinabaki tatu na nne zimekaa bega kwa bega. Umeona? Hakufundisha makosa. Kazi yake ni sahihi toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho, ila imetiwa bahasha isiyo yake.

Kurasa za aina hiyo zinataka lebo yake halisi, application/xhtml+xml. Hiyo ndiyo lebo kali. Kivinjari kikiiona, kinaheshimu kila ukoo wa alama na kuchora sehemu kama sehemu. Lakini kinasoma kama msahihishaji wa mtihani wa taifa: kikikuta kosa moja, hata dogo, kinaacha kusoma na kukuonyesha ukurasa wa manjano wenye kosa hilo tu.

Kwa hiyo usizivike zote nguo moja. Zigawe kurasa kwa familia. Zile za maelezo matupu, zisizo na sehemu wala vipeo, ziache na lebo ya upole na majina yake yaishie .html kama yalivyo. Zile za hesabu zibadilishe majina yaishie .xhtml, kisha ongeza mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva, ambao nimekuandikia katika karatasi ya pili kwa herufi kubwa. Utakuta pia mtu akikushauri lebo ya jumla ya XML, yaani ya koo zote za alama kwa pamoja. Usiitumie. Lebo hiyo inasema ndani mna alama, haisemi ni za nani. Na kama kompyuta za shule zina vivinjari vya zamani, hivyo lebo kali havitaielewa, vitakuuliza tu uhifadhi faili wapi. Weka kivinjari kipya kwanza, kwa flashi.

Jaribu kwa nakala, na kurasa kumi tu. Kumi, Nusaiba.

Mjomba wako mkubwa bado anaumwa ule mguu? Na mkorosho wa uani uliponea ujenzi wa ule ukuta? Nieleze habari za kila mtu.

Shangazi yako, Tabia


Tanga, 22 Mei 2016

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mguu wa mjomba bado, na mkorosho ulikatwa. Umeniuliza habari za kila mtu, hata za mti, isipokuwa mtu mmoja. Na mimi sikutaji kwake. Anadhani barua hizi zinatoka kwa Bi Kidawa kuhusu mablanketi.

Nilizigawa. Za hesabu ni mia mbili na tisini, za maelezo mia moja ishirini na mbili. Vivinjari vipya nimeweka. Kisha, usinigombeze, sikufanya kumi. Nilifanya zote mia mbili na tisini siku moja, nilikuwa na hamu mno.

Zote zimekufa! Manjano mtindo mmoja. Kila ukurasa unasema kosa liko mstari wa kwanza, herufi ya kwanza. Darasa zima lilinitazama. Mwalimu mpya akasema, "Enhe, sasa hata thelathini na nne hatuipati."

Ajabu ni kwamba mmoja umefunguka. Mmoja tu, ukurasa wa 291, wa ziada juu ya zile za Baba, ambao niliuandika mimi mwenyewe mwaka jana kujaribu. Robo tatu imekaa pale, tatu juu, mstari katikati, nne chini. Shangazi, nilipiga kelele hadi mlinzi akaja.

Nimechapa mistari kumi ya mwanzo ya ukurasa wangu na ya ukurasa wa 88, nakuletea. Usiku na mchana natazama na sioni tofauti ila moja, nayo haiwezi kuwa ndiyo, kwa hiyo sitaitaja.

Nusaiba


Berea, 19 Juni 2016

Nusaiba mwanangu,

Marahaba, na mfungo mwema. Huku jua linazama mapema na baridi inauma, kwa hiyo tunafuturu kabla njaa haijakumbuka kuja.

Karatasi zako mbili nilizifungua Jumapili hii mchana, Jeannine akiwa anamsuka mteja sebuleni. Nikaweka ya 88 kushoto, yako kulia. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikaruka kitini nikipiga makofi. Mteja naye akaruka, nywele zikimvuta.

"Mama Tabia!" Jeannine akasema. "Uko unacheka na karatasi? Ile karatasi iko inakuambia nini?"

"Inaniambia Bismillahi!"

"Eish, Gogo," Victoire akasema, maana huku bibi ndiye Gogo, na kwa mara ya kwanza mwaka huu akaniuliza kwa Kiswahili, "Nani amekufa?"

Hakuna aliyekufa. Tofauti uliyoiona na kukataa kuitaja, hiyohiyo ndiyo. Ukurasa wa 88 unaanza na jina la Mungu kwa Kiarabu, kabla ya kitu kingine chochote. Na kwa kuwa zote zinalalamika mahali palepale, kurasa zote mia mbili na tisini zinaanza hivyo. Wa kwako hauanzi hivyo, na hilo tutalizungumza siku nyingine, wewe na mimi.

Elewa kwa nini. Faili ya ukoo huu ina kitangulizi chake, ule mstari unaosema mimi ni XML, toleo fulani, herufi zangu ni za namna fulani. Mstari huo ukiwepo, sharti uwe wa kwanza kabisa, hata nafasi tupu isiutangulie. Na maneno ya kusomwa hayaruhusiwi kukaa nje ya mwili wa ukurasa. Chini ya lebo ya upole, kivinjari kililisamehe hilo miaka yote. Msahihishaji mkali hasamehi. Hajali ni neno gani limetangulia, liwe la kheri au la matusi. Anachoona ni kwamba pale si mahali pake.

Dawa ni nyepesi mno! Unaihamisha Bismillahi ndani, iwe mstari wa kwanza wa mwili, pale macho ya mwanafunzi yanapoanzia. Programu ndogo itazihamisha zote kwa dakika mbili. Nimekuandikia, iko katika karatasi ya tatu.

Lakini usiiendeshe. Maneno hayo si yako wala yangu, na aliyeyaweka pale aliyaweka kwa imani yake. Lazima aulizwe. Ninajua ninachokutuma, na ninajua atakuuliza nani amekufundisha.

Tabia


Tanga, 4 Septemba 2016

Shangazi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Bi Kidawa alisafiri mara mbili bila barua yangu kwa sababu sikuwa na la kukuambia.

Nilimwuliza Baba baada ya Idi. Nilimwonyesha ukurasa wangu wa 291 kwanza. Aliitazama ile robo tatu muda mrefu. Anasema alipokuwa akiandika, kwenye programu yake aliziona sehemu hivyohivyo. Bismillahi aliiongeza kwa mkono kila ukurasa ulipokuwa tayari kwenda kwenye seva, mia mbili na tisini kwa mkono. Nikamweleza habari ya bahasha na lebo, na mama anayesoma barua ya mtoto, na msahihishaji.

Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Huyu ni Dada Tabia. Hakuna mwingine duniani anayeeleza hivi. Sehemu alinifundisha kwa mkate wa kumimina, na kipande kikubwa alikula yeye."

Nilidhani amelainika. Nikamwambia kinachotakiwa ni kuhamisha ule mstari. Akasema, "Sikuwahi kuanza kazi bila jina la Mungu, na siwezi kulitoa mbele nikaweka mbele jina la mashine. Mwambie aliyekutuma kwamba mtu asiyekuja kumzika mama yake asinifundishe cha kutanguliza."

Hivyo ndivyo alivyosema. Nimekuandikia kwa sababu hujawahi kunidanganya.

Bahasha zako za Idi zimo kwenye bati la biskuti juu ya kabati, kumi na nane. Hazijafunguliwa, lakini zinafutwa vumbi. Mama anasema si yeye anayezifuta.

Januari si mbali.

Nusaiba


Berea, 2 Oktoba 2016

Kwa Mwalimu Yasini, mkononi mwake mwenyewe.

Bismillahi Rahmani Rahimi.

Mdogo wangu,

Assalamu alaykum. Nimekuandikia kila Idi, na kila mara nimekuandikia habari za hali ya hewa. Safari hii naandika jambo lenyewe, na jina lako nimelitia juu ya bahasha kwa herufi kubwa ili Nusaiba asipate shida ya kujifanya ni mablanketi.

Nianze na lililo jepesi. Tazama barua hii uliyoishika. Nje nimeandika jina lako, mji, na jina la aliyeibeba. Bismillahi sikuiandika nje. Si kwamba nimetanguliza jina lako mbele ya jina la Mungu. Ni kwamba nje ni kwa mbebaji, na ndani ni kwa msomaji, na barua huanza pale msomaji anapoanza. Marehemu Baba alitufundisha hivyo sote wawili, kwa meza ile yenye mguu mmoja mfupi. Ule mstari wa mashine nao ni wa mbebaji. Mwanafunzi hatauona kamwe. Atakachoona cha kwanza, juu kabisa, kabla ya robo wala nusu, ni jina ulilolitanguliza. Leo hivi, Yasini, haoni hilo wala lile. Anaona thelathini na nne.

Ningeweza kumpa mwanao njia ya mkato. Kile kitangulizi kingefutwa, na Bismillahi ikafungwa ndani ya maelezo yasiyoonekana, ikabaki mstari wa kwanza wa faili bila kumsumbua mtu. Sikumpa. Najua hukuliandika jina hilo mara mia mbili na tisini ili lifichwe.

Sasa lililo zito. Mama alipofariki nilikuwa nimewaandikia kwamba nafundisha hesabu katika shule kubwa ya huku. Sikuwa nafundisha. Nilikuwa nafua mashuka ya hoteli, na kibali changu kilikuwa kimekwisha miezi minane. Ningetoka nisingeruhusiwa kurudi, na ningerudi nyumbani mikono mitupu, niwaeleze watu kwenye matanga kwamba ile shule haikuwepo. Niliona aibu. Nikachagua kukaa, na mkanisubiri siku nzima kabla ya kuzika. Hilo nalijua, kuna mtu aliniambia.

Lebo niliyojitia mwenyewe ilikuwa ya uongo, na nyinyi mliiamini, kama inavyopasa kuamini lebo. Kwa hiyo mliniona mwalimu mwenye shule kubwa aliyekataa kupanda basi. Hasira yako ilikuwa ya haki kwa mtu huyo. Mtu huyo hakuwepo, lakini ni mimi niliyemtuma kwako.

Vibali nilipata baadaye, na ufundi huu nilijifunza nikiwa na miaka hamsini, kati ya vijana walioniita Gogo. Sasa kila asubuhi napanda teksi kwenda ofisini Randburg na kazi yangu ni hii hasa, kuhakikisha kila ukurasa unakwenda na jina lake la kweli. Ningekuwa na haya kulifanya kwa watu wengine wote nisilifanye kwako.

Kurasa zako nimeziona kumi nzima, Nusaiba alinichapia akazituma na barua ya Septemba. Ukurasa wa 88, ulivyoeleza kugawanya sehemu kwa sehemu, mimi sijawahi kueleza vizuri namna ile. Nimeusomesha Victoire, mtoto wa nyumbani kwangu, ambaye Kiswahili hukitupa kama ganda la ndizi. Amekifanya kile ulichosema, hatua kwa hatua, akapata jibu. Akauliza, "Huyu mwalimu yuko wapi?"

Ruhusa ni yako. Ukikataa, nitanyamaza.

Dada yako, Tabia


Tanga, 11 Desemba 2016

Shangazi!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye magoti yako. Yanaendeleaje? Mama anakusalimu, na safari hii amesema kwa sauti.

Barua yako Bi Kidawa alimkabidhi Baba mkononi kama ulivyoandika. Alilisoma jina lake juu ya bahasha, akaenda nayo chumbani, akatoka alasiri. Siku tatu aliisoma akairudia. Siku ya nne, wakati nasahihisha madaftari, akasimama mlangoni na kofia kichwani.

"Hiyo programu ya dada yako wa Johannesburg..."

"Dada yako wewe, Baba."

"Usinisahihishe. Inachukua dakika ngapi?"

"Mbili."

"Basi twende. Na uniwekee kiti niione."

Tulikwenda shuleni wawili. Nikaiendesha kwanza kwa kurasa kumi. Kumi, Shangazi! Kisha zote. Akaniomba kipanya, akafungua wa 88 mwenyewe. Bismillahi ikatokea juu kabisa, kubwa, na chini yake robo tatu imesimama kama ilivyotoka kwenye chaki yake. Akafungua mwingine, na mwingine. Wanafunzi waliokuwa nje wakaingia mmoja mmoja, mara darasa likajaa. Mwalimu mpya akaja kuona kelele ni za nini. Akasogea mpaka pua inagusa kioo, akasema, "Mwalimu, naomba radhi, nilisema bila kujua." Baba akamwambia, "Ulisema ulichokiona. Kaa, tuanze ukurasa wa kwanza." Wakafika wa ishirini siku hiyohiyo.

Mkuu wa shule ameandika kwa mkono wake kwamba kurasa zote mia nne na kumi na mbili zitahamia kwenye mashine mpya, na lebo zake, kila familia na yake.

Baba amerudi barazani kwenye kahawa. Nasikia anawaeleza wazee wenzake habari za bahasha, na wanamkimbia.

Bati la biskuti limeshuka. Anafungua barua zako moja kila siku baada ya alasiri, kuanzia ya kwanza. Amefika ya mwaka 2007 na amenikataza kukuomba nyingine mpaka amalize, anataka kusoma kwa mpangilio. Anasema hali ya hewa ya Johannesburg sasa anaijua kuliko ya Tanga.

Nakuachia hapa chini nafasi. Ameomba kalamu.

Nusaiba

Dada Tabia,

Assalamu alaykum. Ukurasa wa 88, swali la tano, jibu langu lina kosa tangu nilipoliandika. Hakuna aliyeliona kwa sababu sehemu zilikuwa hazionekani. Wewe uliusoma wote na hukuliona, au uliliona ukanihifadhi. Kaburi la Mama liko karibu na ukuta, nimelipandia mrehani. Idi ijayo usilete barua. Njoo wewe, na kalamu nyekundu.

Yasini